Donge la Udongo kutoka Bondeni

Mkaa ukinyeshewa mvua hutoa harufu ambayo watu wengi hawaijali. Ni harufu ya jivu baridi, na kwa mbali kama ya sarafu iliyoshikwa mkononi muda mrefu. Mimi nikiinusa, hata niwe sokoni Tunduma katikati ya wauza vitenge na honi za malori, tumbo hunivuta upande wa kulia, penye mshono wangu wa zamani, nami hurudi kuwa mtoto wa miaka tisa pale Igamba, mikono nyuma, nikimtazama baba akinusa donge la udongo. Kisa hiki sijawahi kumsimulia mtu hadi mwisho, ila mama, na kwake nilichelewa sana. Ninyi nitawasimulia, maana nimechoka kukibeba peke yangu.

Baba alikuwa na trekta. Kusema hivyo leo ni jambo dogo, lakini miaka ile, chama cha ushirika kilipokuwa kinakata roho na kuuza mali zake moja moja, mtu akitoka mnadani na trekta, hata bovu, watoto wake walitembea vifua mbele. Letu lilikuwa la bluu iliyobabuka, kiti chake kilikuwa gunia lililoshindiliwa pumba, na asubuhi za baridi halikuwaka mpaka lisukumwe na ukoo mzima. Ndilo lililotulisha. Kabla ya kupanda baba alilima mashamba ya watu, na baada ya mavuno alifunga tela akapeleka mahindi Tunduma, ambako wanunuzi wa Zambia waliyasubiri ng'ambo ya mpaka. Hatukuwa na kitu kingine cha kutegemea. Kahawa ya babu ilikuwa imezeeka, haizai ila majani.

Matairi ya trekta hilo baba aliyajali kuliko viatu vyetu sisi. Ya nyuma yalikuwa jozi mbili. Jozi moja tuliiita Meno, kwa sababu ya vile vipande virefu vya mpira vilivyosimama kila upande. Meno yalikuwa ya udongo mbichi, yanaingia ardhini, yanashika, yanatupa matope nyuma. Lakini ukiyapeleka barabarani huisha kama sabuni. Jozi nyingine tuliiita Vipara, na hiyo ilikuwa ya barabara na tela. Vipara viliweza kulima pia, mradi udongo uwe umekauka vya kutosha, na tairi zijazwe maji ndani, robo tatu hivi, ili trekta liwe zito lisiteleze. Kila mwaka wakati wa kufungua nati baba alituambia maneno yaleyale, kwa sauti ya mchungaji anayebatiza: "Usiulize trekta linataka kuvaa nini. Iulize ardhi."

Na ardhi iliulizwa hivi. Mtoto alitumwa hadi shambani, akachimba kina cha kiganja, akatoa udongo akauviringisha kwenye jani la mgomba usikauke njiani, akauleta. Baba aliunusa kwanza. Kisha aliufinyanga ukawa donge, akalitupa chini pale uani. Likibaki zima au likibonyea kama ugali, shamba bado ni bichi, trekta livalishwe Meno. Likisambaratika, Vipara vinatosha. Kazi hiyo ilikuwa ya kaka yangu Yohana, lakini mwaka ule nilipewa mimi, na nitawaeleza kwa nini.

Mwezi wa nane tumbo liliniuma nusura nife. Nakumbuka nyuma ya pikapu, paja la mama chini ya kichwa changu, vumbi, kisha harufu ya spiriti katika hospitali ya misheni. Nilipasuliwa. Nilirudi nyumbani na mshono, na marufuku ya kubeba ndoo, kuni na mtoto mgongoni. Nilifurahi vibaya mno. Niliugua mwezi mzima zaidi ya ugonjwa wenyewe, nikila machungwa huku wenzangu wakienda kisimani. Niliporudi niliona pia kwamba Meno hayapo pale ukutani yalipoegemezwa siku zote. Baba alisema ameyaazimisha kwa rafiki yake wa Galula, yanalima mpunga, yatarudi. Nikaendelea na machungwa yangu.

Mvua za kwanza zilikuja mapema. Zilinyesha siku mbili, zikakatika, na watu wakaanza kuja nyumbani. Mzee Simbeye, ambaye shamba lake la bondeni lilipakana na letu na ndilo lilikuwa la kwanza kulimwa, alikuja mara tatu kwa siku moja na baiskeli yake isiyo na breki. "Baba Yohana, lini?" Bonde lile ni la udongo mweusi, mvua kubwa zikianza hujalima, umekwisha, hulimi tena mpaka kiangazi. Katika kihenge chetu yalibaki mahindi ya kufika Krismasi kwa kujibana. Yohana alikuwa amechaguliwa kwenda sekondari mwezi wa kwanza, na sare, godoro na sanduku vilisubiri kazi hiyo ya kulima. Meno hayakuwa yamerudi. Baba alikaa mezani, akamega tonge la ugali, akalishika tu mpaka likapoa.

Siku ya tatu bila mvua aliniita. Mimi nina jina la mama yake, kwa hiyo hakuwahi kuniita vingine. "Mama, nenda bondeni ukaniletee udongo. Taratibu, usikimbie. Uchimbe chini kabisa, kule maji yanakotuama."

Nilikwenda. Naapa nilianza safari kwa nia safi. Lakini njiani, karibu na barabara, wasichana wa darasa letu walikuwa wanacheza rede, ule mchezo wa kukwepa mpira, na upande mmoja umepungukiwa. Mshono ulionikataza kubeba ndoo haukunikataza kuruka. Nilicheza mpaka jua likavuka utosi, na nilipokumbuka, bonde lilikuwa mbali na ubavu unawaka. Nikachimba palepale kando ya uwanja. Udongo wa pale ni wa kahawia, mwepesi, wala haufanani na ule mweusi wa bondeni. Nikatazama huku na huku. Kulikuwa na mama mmoja aliyeuza mkaa pale barabarani, na chini ya magunia yake mkaa ulikuwa umemwagika ukalowa. Nikachota vumbi lake, nikalichanganya na udongo wangu, nikatema na mate kidogo, nikauviringisha kwenye jani. Ulikuwa mweusi kweli kweli. Nilijiona fundi.

Baba alikuwa anasubiri uani. Alifungua jani, akausogeza udongo puani, na hapo akasimama. Alinitazama muda mrefu, mpaka nikaanza kuhesabu vifungo vya shati lake.

"Umefika bondeni kabisa, mama?"

"Nimefika, baba."

"Kule kunakotuama?"

"Kulekule."

Akaufinyanga, akautupa. Ukasambaratika. Mama alikuwa anatoka jikoni akijifuta mikono kwenye kitenge. Baba akaziburuza zile chembe kwa buti lake, akazisawazisha na vumbi la uani mpaka hazikuonekana. Nilidhani ni usafi.

"Baba Yohana, tusubiri kidogo," mama alisema. "Mvua ya juzi ilipiga sana kule chini."

"Mtoto ametoka huko sasa hivi. Udongo umekauka. Tutalima na Vipara."

Alasiri ile yote Yohana na binamu zetu walibeba maji kutoka kisimani, baba akayaingiza ndani ya matairi kwa mpira, na mimi nikakaa kivulini nikisikiliza yanavyogugumia. Ningeweza kusema. Sentensi moja tu, na ningepigwa, na ingekwisha. Nilikaa kimya kwa sababu niliogopa fimbo, niwaambie ukweli.

Asubuhi yake tuliondoka wote. Upande wa juu wa shamba la Mzee Simbeye plau lilikata vizuri, udongo ukapinduka umeng'aa, na yule mzee akacheka akionyesha meno yake mawili. Nilianza kuamini kwamba Mungu amenisamehe. Kisha baba akageuza trekta kuelekea chini. Kwanza magurudumu yalizunguka kidogo bila kwenda, yakashika, yakaenda. Yakazunguka tena. Mara hii hayakushika. Vipara vilijaa tope vikawa laini kabisa, na kila baba alipokanyaga mafuta trekta lilijichimbia. Yale maji tuliyoyabeba ili liwe zito sasa yalilivuta chini.

Tuliyafungulia yamwagike. Tuliweka matawi, mabua, magunia, mpaka kitenge cha mama kiliingia chini ya gurudumu. Watu walileta ng'ombe, wakafunga minyororo, wakavuta, mnyororo ukakatika. Baba alichimba kwa koleo, kisha kwa jembe, kisha kwa mikono. Na upande wa Rukwa wingu lilikuwa linapanda, jeusi, halina haraka, linakuja kwetu.

Nilishindwa kuvumilia. Nilimfuata ndani ya tope, nikamshika shati, nikalia, "Baba, ule udongo—"

"Nyamaza, mama."

"Baba, mimi ule udongo—"

"Nimesema nyamaza!" Alipiga kelele ambayo sijawahi kuisikia kwake, kabla wala baada. Kisha akashusha sauti. "Utafungua mshono. Nenda ukakae kwa mama yako."

Mvua ilianza tukiwa tumesimama pale, na kwa muda wa wiki tatu haikupumzika. Bonde likageuka bwawa. Trekta lilizama hadi usawa wa kiti, vyura wakalia juu ya lile gunia la pumba, na lilipotolewa kiangazi injini ilikuwa imepasuka. Liliuzwa chuma chakavu. Mwaka ule tulilima kwa jembe la mkono kipande cha mlimani kinachotosha vihenge vya panya. Tulikula mara moja kwa siku, halafu zikaja siku ambazo mama alisema ameshiba kabla hajakaa. Mwezi wa kwanza wenzake Yohana walipopanda gari na masanduku yao, yeye alipanda naye, akashukia Tunduma, akaanza kusukuma mikokoteni ya mizigo mpakani. Alikuwa na miaka kumi na mitano. Darasani hakurudi tena.

Mimi nilijua nani aliyefanya hayo. Nilijua kila nilipomwona baba amekaa ukingoni mwa bonde, akitazama bomba la moshi lililochomoza majini. Nilijua kila Yohana alipokuja nyumbani na mabega yamevimba, akinipa biskuti za Zambia, nami nazila. Nilisoma kwa hasira, kana kwamba nikifaulu trekta lingeibuka. Watu walinisifu kwa bidii. Baba hakuwahi kunilaumu mbele ya mtu, wala kuniuliza, wala kunitazama kwa jicho baya, na upole wake ulinichapa kuliko fimbo niliyoikwepa. Alifariki nikiwa na miaka thelathini na moja. Nilikuwa nimemshika mkono, na hata hapo sikusema.

Mwaka mmoja baada ya mazishi nilikuwa na mama barazani tunapukuchua maharage. Mvua ikashuka ghafla ikalowesha gunia la mkaa lililoachwa nje, ile harufu ikapanda, na mimi nikaanza kulia kama mtoto. Nikamwambia yote. Rede, uwanja, vumbi la mkaa, mate.

Mama aliacha maharage. "Mkaa?" alisema. "Mimi siku zote nilidhani ulifika bondeni." Kisha akaniuliza, "Kwani ungemletea udongo wa bondeni, mwanangu, angevalisha matairi gani?"

Nikamwambia angeyasubiri Meno kutoka Galula.

"Galula gani?" Alijifuta macho kwa upindo wa khanga. "Meno yaliuzwa Tunduma. Siku ile ile daktari aliposema usipopasuliwa hufiki kesho. Baba yako aliyatoa ukutani mwenyewe, akaniapisha nisikwambie, usije ukakua unajiona mzigo. Alizunguka kutafuta mengine mpaka mvua zikamkuta. Mimi nilimwomba asubiri. Akasema asubiri nini, nawe umeleta udongo mkavu."

Tulirudi kwenye maharage, tukapukuchua mpaka mvua ikapita.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikimwona upya pale uani. Mtu aliyejua kila shamba kwa pua yake, ananusa mkaa ndani ya udongo wa barabarani. Ana jozi moja tu ya matairi, watoto wa kulisha, na mvua inakuja. Anahitaji mtu mmoja amwambie kwamba bonde limekauka, na mtu huyo amesimama mbele yake, ana miaka tisa, anadanganya. Akanichagua mimi nimdanganye. Nadhani ndiyo sababu hakutaka nimalize maneno yangu kule kwenye tope. Ningemaliza, ingebidi naye aseme ya kwake, na ya kwake yalikuwa mazito kuliko yangu. Miaka ishirini na miwili tulikula meza moja, kila mmoja akiamini kwamba yeye ndiye aliyemzamisha mwenzake.

Namkumbuka mama akitoka jikoni, akijifuta mikono. Baba aliuona mkaa, akaufuta kwa buti kabla mama hajafika. Nami nilisimama pale, kiganja juu ya mshono wangu, nikimshukuru Mungu kwamba baba hajaona kitu.