Nani Anabakia Pa Yulu?

Harufu ya petroli ya jenereta ikichanganyika na ya karanga za kukaanga hunirudisha Kolwezi, katika ua wa mama Kabedi, Jumapili baada ya misa. Hapo tulitazama filamu za askari wanaotua kwenye nyota za mbali, taa vichwani, bunduki mikononi, wakizama mapangoni yanamowangoja madubwana yanayodondosha udenda. Lugha yao hatukuijua. Tata Ngoy, yaani baba Ngoy, mchimbaji wa zamani asiyejua kunyamaza, ndiye aliyewapa maneno, na mdomoni mwake askari wote waligeuka wachimbaji wa mgodi wa Mashamba. Sisi watoto tulijifunika macho dubwana likitokea. Yeye hakulijali hata kidogo.

"Basoda bote banaingia mu shimo!" alifoka. "Nani anabakia pa yulu?"

"Hakuna, tata!" ua mzima uliitikia.

Na kweli, waliliwa mmoja mmoja, nasi tukacheka mpaka machozi. Kwa wachimbaji wale, kosa halikuwa kuishiwa risasi. Kosa lilikuwa kuacha juu, kwenye mdomo wa shimo, bila mtu.

Msimu ule wa mvua, yaya wangu Ilunga, kaka yangu mkubwa aliyetulisha tangu baba afariki, aligundua na wenzake mawe mazuri yenye madini. Wingu lilikuwa limetanda, wakataka washuke wote wamalize upesi. Ilunga akagoma: mmoja lazima abaki. "Unaogopa nyama ya mu filme?" wakamcheka, wakimaanisha lile dubwana. Hata hivyo mmoja wao, Kasongo, alibaki juu, kanuna. Tahadhari kabla ya hatari, wahenga walisema, lakini nani huwasikia wahenga mvua ikinyemelea? Haukupita muda udongo ukaporomoka, ukaziba shimo. Kasongo alipiga mayowe, na watu wa mashimo ya jirani wakaja mbio na majembe, wengine na mikono mitupu. Mimi na mama yangu tulifika wakiwa bado wanafukua. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa dubwana lolote. Wakatoka wote hai, Ilunga wa mwisho, mwekundu kwa udongo toka nywele hadi meno.

Tata Ngoy amekwisha kuzikwa. Asante, tata, ulituokolea yaya kwa domo lako. Leo wanangu hutazama madubwana kwenye simu, picha safi kuliko zetu, ila hawana wa kuwabwatia askari, nami nawaonea huruma. Isipokuwa siku Ilunga anapotutembelea kutoka Kasaji, mvi tele. Askari wakianza kushuka gizani, huweka kikombe chini na kuuliza, "Nani anabakia pa yulu?"

"Hakuna, tonton!" watoto hupiga kelele.

Yeye hacheki. Huinuka, akaenda kusimama mlangoni mpaka filamu iishe.