Nilivyompata shabiki mwenzangu wa heavy metal Mpondwe, akaenda kunitaja kanisani

Wakuu salaam, mlioko kazini na mlioko kitandani.

Mimi ni msomaji wa kimya humu. Nyuzi zenu nazisoma nikiwa nimeegesha gari nasubiri mteja afungue duka. Leo nimeona na mimi niweke yangu. Yamenitokea mwenyewe, chumvi sijaongeza, majina tu ndiyo nimebadilisha kwa sababu wahusika wote wako hai.

Bendi sitataja hata moja. Nawajua. Nikitaja tu, kufika comment ya tano hatuko Mpondwe tena, tuko kwenye vita ya nani alikuwa mpiga gitaa bora.

Tuanze.

Baba yangu ni Mkenya. Alikuja Kasese, Uganda, kufanya kazi kwenye kiwanda cha saruji, fundi mitambo, tukakaa kwenye nyumba za wafanyakazi. Jirani yetu mmoja alikuwa fundi umeme kutoka Nakuru. Jumamosi wenzake walikuwa wanapiga lingala au nyimbo za injili. Yeye alikuwa anapiga kitu ambacho mama yangu alidhani ni redio imeharibika.

Mimi nilikuwa darasa la sita. Nikasimama kwenye dirisha lake, magitaa yakaja yote kwa pamoja, mazito, halafu ngoma ikaingia chini yake. Sijui niwaelezeje. Kuna watu wanakumbuka siku waliyookoka, hadi nguo waliyovaa. Mimi nakumbuka hiyo. Nilikuwa nimevaa kaptula ya shule na nimetumwa mafuta ya taa.

Mafuta ya taa nilichelewa nayo, nikachapwa. Muziki ukabaki. Shule imepita, ndoa imekuja, watoto wamekuja, na wenyewe upo tu.

Sasa shida ya kupenda heavy metal ukiwa Kasese siyo shetani kama watu wanavyodhani. Shida ni upweke.

Ukipenda mpira, hata mtu wa boda mnaweza kubishana mpaka ufike. Mimi nilikuwa nabishana na nani? Mke wangu Biira ni mtu wa kwaya, sauti ya kwanza, na ni mwanamke mwelewa. Mwaka wa kwanza wa ndoa nilimwekea wimbo mmoja mzima. Akasikiliza mpaka mwisho, mikono mapajani, kama yuko ibadani. Halafu akauliza, "Huyu mtu, nani amemkosea?"

Sikumwekea mwingine.

Kazi yangu ni kusambaza mikate. Natoka Kasese na gari la bakery, nashusha Bwera, namalizia Mpondwe, mpakani na Kongo. Milima kulia, hifadhi kushoto, mimi katikati na flash kwenye redio. Hii ni miaka ya 2010 na kitu, flash ndiyo ilikuwa kila kitu. Garini ndiko nilikokuwa nasikiliza kwa uhuru.

Siku moja niko Mpondwe nashusha kreti kwenye duka karibu na forodha. Malori yamejipanga, wapagazi wanapita, mlango wa gari nimeuacha wazi na muziki unapiga. Nikaona mtu wa makamo anakuja, tai shingoni, viatu vinang'aa kwenye vumbi lile lote. Nikajua ni clearing agent, wale wa kutoa mizigo forodhani, anataka nisogeze gari.

Akainama dirishani. Akasikiliza. Akasema:

"Hii albamu haiko muzuri. Ile ya mbele yake njo ilikuwa ya kweli."

Wakuu, nilikaa na kreti mikononi kama mjinga. Tangu darasa la sita natafuta mtu wa pili, na neno lake la kwanza ni kuniambia nimekosea.

Huyo ndiye Kasereka. Mkongomani wa upande wa Butembo, ila amehamia Bwera zamani, ana mke na mtoto mmoja wa kike, Masika. Heavy metal aliipata kwa kaka yake aliyekuwa fundi redio.

Tukaanza utaratibu. Kila Ijumaa nikimaliza kushusha, mchana, anakuja garini na samaki wa kukaanga amefungwa gazetini, mimi natoa mkate, tunakula tunasikiliza.

Na kubishana. Mimi napenda ile ya haraka. Yeye anapenda ile ya polepole, nzito, inayojivuta.

"Yako iko muziki ya mutu anakimbia polisi," alikuwa ananiambia.

"Na yako ni ya lori linalongoja forodhani," namjibu.

Sijui kama huo ulikuwa urafiki. Habari za nyumbani hatukuulizana sana. Ila Alhamisi jioni nilikuwa napanga nyimbo kwenye flash, na nyingine nilikuwa naziweka makusudi kwa kujua zitamuudhi.

Hivyo hivyo miaka ikaenda.

Halafu Ijumaa moja hakuja. Iliyofuata hakuja. Simu inaita, haishikwi. Nikasema labda kazi imembana.

Wiki hiyo hiyo nikafika Bwera kwa mteja wangu wa siku nyingi, Mama Ithungu, mlokole mwenye duka la reja reja. Nikateremsha kreti. Akaweka mkono.

"Leo hapana, ssebo."

"Ya juzi haijaisha?"

"Imeisha. Lakini leo hapana." Analiangalia gari langu kama lina ukoma. "Hii mkate tunakula na watoto. Kasereka alisimama Jumapili akasema yote."

Ikabidi nimuulize amesema nini.

Kumbe Kasereka ametoa ushuhuda kanisani kwao. Kwamba alifungwa na muziki wa shetani tangu ujana. Kwamba huko mpakani kuna mtu wa mikate, walikuwa wanajifungia garini na kuusikiliza pamoja. Akanitaja jina. Akaomba kanisa liniombee, na kanisa likasimama likaniombea.

Sababu nayo nikaipata hapo hapo dukani. Masika alikuwa amechumbiwa na kijana wa Nyakiyumbu, mtoto wa mchungaji. Wakwe walikuwa wamesikia tetesi kuhusu baba wa binti, na wakasema bila baba kusimama na kutubu mbele ya watu, ndoa hakuna.

Maduka kadhaa ya Bwera yakaacha mkate wangu. Wengine hata hawakusema, walifunga mlango wakiona gari. Mikate ikawa inarudi Kasese, bosi akaanza kuniangalia, na nikasikia kuna dereva mwingine anaulizia route yangu.

Stori ikafika mpaka kwaya ya Biira. Wakamuuliza kama ni kweli mumewe ana pepo. Aliwajibu, "Naishi naye. Kama pepo angekuwepo, angesaidia hata kuchota maji." Aliniambia hayo akiwa anakunja nguo, hakucheka. Ila najua ilimuuma, kwa sababu Jumapili mbili hakwenda mazoezi.

Kasereka nilimuona mara moja katika kipindi hicho. Kati ya malori, Mpondwe, uso kwa uso. Alinipita kama nguzo ya stima.

Niseme ukweli, wakuu, nilikuwa na hotuba. Nilikuwa naitunga njiani kuanzia Kasese, naiboresha, naongeza maneno makali. Na muziki nikawa sipigi. Siyo kwamba nimeokoka, ila kila wimbo nilikuwa nasikia angesema nini juu yake.

Miezi ikapita, karibu mwaka.

Siku moja Mama Ithungu, ambaye salamu alikuwa bado anapokea, akanionyesha karatasi iliyobandikwa ukutani nje ya duka lake. "Watu wako hao wanakuja."

Bendi. Heavy metal. Live. Bwera!

Nilisoma mara mbili. Ni vijana wa Kampala, ila mpiga ngoma wao ni Bwambale, kijana wa hapo hapo Bwera, na mjomba wake ana ukumbi wa sherehe. Kijana alitaka apige nyumbani hata mara moja. Jumamosi, saa nane mchana.

Mimi maisha yangu yote sikuwahi kuusikia ule muziki ukipigwa na watu mbele yangu. Hata mara moja.

Nikamwambia Biira naenda. Akasema, "Nenda. Ukibaki utaosha gari ambalo ni safi."

Nikaenda. Ukumbi umejaa viti vya plastiki, mapambo ya harusi ya wiki iliyopita bado yananing'inia. Mbele kabisa amekaa mama mmoja wa kitenge, mkoba mapajani. Ndiye mama yake Bwambale. Mimi nikakaa kushoto.

Kulia mwisho, karibu na mlango, suti na tai: Kasereka.

Nikaangalia jukwaa. Yeye akaangalia feni.

Tukangoja. Watu wawili watatu wa boda walichungulia, mmoja akauliza kama kuna chakula, wakaondoka. Hakuna mwingine aliyeingia. Mwishowe mwimbaji akatoka, msichana mwembamba, nywele amekata, buti kubwa. Akashika mic.

"Hawa ndio wote?"

"Na mama yangu," Bwambale akajibu kutoka kwenye ngoma.

Yule msichana akatuangalia, huyu kushoto, yule kulia. "Nyinyi wazee wawili, mnajuana?"

Mimi nikasema, "Hapana."

Kasereka, wakati huo huo, akasema, "Ndiyo."

"Basi kujeni hapa mbele. Mimi siwezi kuimbia watu wamekaa kama wako kortini kwa kesi ya shamba."

Ungefanyaje? Tulienda. Tukakaa, mama Bwambale upande wangu wa kulia, Kasereka wa kushoto, mkoba wa mama ukapanda kifuani.

Wakaanza.

Sitawadanganya kwamba walikuwa wazuri sana. Spika moja ilikuwa inakwaruza. Lakini nilikuwa sijui kwamba kitu kile mtu anakisikia kwa mbavu. Kiti kilikuwa kinatetemeka chini yangu. Yule msichana alipofungua ile sauti ya kunguruma, mama Bwambale alisema "Yesu!" kwa nguvu, akashika mkono wangu, hakuuachia mpaka wimbo ukaisha. Nikageuka upande wa pili. Kasereka amefumba macho, midomo inatembea, na machozi yanashuka mpaka kwenye tai.

Baada ya wimbo wa pili waya ukaleta shida, wakasimama kurekebisha.

"Masika aliolewa," Kasereka akasema, akiangalia mbele.

"Nilisikia."

"Nilitaka kukualika."

Hotuba yangu yote nikaitafuta, sikuiona. Nikauliza moja tu. "Ungesema umeacha, inatosha. Jina langu lilikuwa la nini?"

"Baliniuliza, hii mambo unafanyaka na nani? Banataka majina ya barafiki wa hii muziki." Akafuta uso na kiganja. "Na miye nilikuwa naye mumoja tu. Ningetaja nani?"

Nikabaki nawaangalia wale vijana wanavyohangaika na waya.

Mama Bwambale, ambaye kumbe alikuwa anasikia kila neno, akainama mbele yangu akamuuliza, "Na pole umemupa?"

"Bado."

"Sema."

"Pole, mama."

"Si mimi! Yeye!"

Akasema. Nikamwambia nimesikia, lakini pole haiuzi mkate, mikate yangu inarudi Kasese kila wiki. Akaitikia kwa kichwa. Waya ukapona, bendi ikaendelea, na walipiga nyimbo zao zote, zote, kwa watu watatu.

Jumanne yake nikiingia Bwera nikamkuta amesimama barabarani na tai yake. Akafungua mlango akapanda. "Twende kwa Mama Ithungu."

"Na wakwe zako je? Wakisikia?"

"Masika iko kwa nyumba yake, analala. Miye njo silali."

Dukani kulikuwa na wateja. Kasereka akabeba kreti mwenyewe, na ile suti, akaiweka juu ya kaunta.

"Mama, huyu mutu nilimusemea mubaya mbele ya kanisa. Leo nasema mbele yako."

Mama Ithungu akamtazama. "Kwa hiyo umerudi nyuma? Umeacha wokovu?"

"Sijaacha. Naomba kila siku. Lakini huyu hana shetani, mama. Iko na mukate tu."

Mtu mmoja akacheka. Mama Ithungu hakucheka. Aliubonyeza mkate mmoja, akanusa, halafu akachukua nusu kreti. Tukaenda duka la pili, na la tatu, na kote alirudia maneno yale yale.

Matokeo? Wengi walirudi, mmoja hakurudi mpaka leo. Route nilibaki nayo. Kasereka aliondolewa kwenye kamati ya kanisa, sasa anakaa viti vya nyuma. Baba mkwe wa Masika alikaa muda mrefu bila kumpigia simu, akaja kulainika mjukuu alipozaliwa.

Nilichojifunza ni kidogo. Nilidhani mtu anayependa unachopenda atakusimamia siku zote. Si kweli, mtu ana mtoto wake, atamchagua mtoto, na pengine hata mimi ningefanya hivyo. Lakini kusimama dukani kwa mtu na suti, kreti mkononi, kuyakana maneno yako mwenyewe mbele ya wateja, hilo nalo si wengi wanaliweza. Nimeweka yote mawili kwenye mzani, na Ijumaa nafungua mlango wa gari, anapanda.

Haya, uwanja ni wenu. Uliwahi kutajwa na mtu wako wa karibu? Ulimpokea tena au ulimfuta? Na kama kuna mwingine anausikiliza huu muziki peke yake huko wilayani, aseme yuko wapi.

Angalizo: Kasereka nimemfungulia akaunti humu wiki iliyopita. Mkiona mtu hapo chini anasema kisa hiki nimekisimulia haraka mno, mjibuni kwa heshima. Ni mtu mzima.