Mlango wa Wanawake

Jumapili, tarehe tisa mwezi wa kumi na moja. Asubuhi jua kali, saa nane mvua ya mawe kidogo, halafu ukungu ukashukia majani chai na haukuondoka tena.

Leo mkwe wangu, mume wa binti yangu, alinipakia kwenye gari lake akanipeleka kuona kanisa letu la zamani, ng'ambo ya Kebirigo. Nasema letu, ingawa siku hizi ni la wageni. Waumini wamejenga lingine kubwa kando yake, la madirisha ya alumini, na lile la Wazungu limeachwa la kutazamwa. Limepakwa chokaa, limewekewa kibao, na kuna kijana mstaarabu anayewazungusha watu na kuwaeleza habari za mawe na matofali.

Kijana huyo alifika kwenye ukuta wa upande wa migomba akasimama. Pale matofali ni mekundu kuliko mengine, yamepangwa ndani ya tao kama mtu aliyezibwa mdomo. Akasema, "Hapa ulikuwa mlango. Wazungu walipita huku, Waafrika wakapita ule wa mbele." Wageni wakasikitika, wakapiga picha. Msichana mmoja akaegemea matofali akatabasamu.

Mlango ule mimi nimeupita. Ulikuwa wa wanawake. Lakini nilikuwa mtoto, na kijana amesoma, na huenda kabla sijazaliwa mambo yalikuwa kama anavyosema. Kwa hiyo nitaandika tu ninachokumbuka, na wewe unayenisoma upime mwenyewe.

Kanisa lile lilikuwa jengo pekee la mawe kwenye mlima wetu. Babu, baba wa baba yangu, alibeba mawe yake akiwa kijana. Alipenda kusema kwamba Mzungu aliyelichora alikuwa na haraka ya kila kitu isipokuwa kuta. Ukiingia kutoka juani ulikuwa huoni chochote kwanza. Ulinusa tu, mbao za kenchi za paa, nta ya sakafu, mafuta ya watu waliojipaka vizuri kwa Sabato. Halafu madirisha marefu yenye ncha juu yalianza kujitokeza, na mwanga ukaja umelala kwenye mabenchi. Mvua ikinyesha, mabati yalipiga kelele hadi mhubiri akaketi kungoja. Mimi nilipenda hapo. Watu wote wamekaa kimya na hakuna anayelaumiwa.

Wanaume waliketi upande wa kushoto, wanawake wa kulia, kila upande na mlango wake. Mtoto hakuwa na upande. Nilikaa mwisho wa benchi, karibu na njia ya katikati, ili nione pande zote mbili. Kushoto nilikuwa na babu. Kulia nilikuwa na mama.

Ni lazima nieleze nyumba yetu, maana mgeni hataelewa. Baba yangu alifariki nikiwa mchanga, nyanya naye akafuata. Tukabaki watatu katika boma lile, babu kwenye kijumba chake, mama kwenye jiko na nyumba yake, na mimi katikati. Sisi Wagusii tuna kitu kinaitwa ensoni. Nikisema ni aibu nitakuwa nimekosea, na nikisema ni heshima nitakuwa nimekipunguza. Kwa ensoni, baba mkwe haingii nyumba ya mke wa mwanawe. Hawashikani mikono. Hawaketi mahali pamoja wakala. Babu alikohoa kabla ya kutokea njiani, na mama akisikia aliingia migombani mpaka apite.

Mama alipika, nikabeba. Ugali wa wimbi ndani ya ekee, kikapu chetu kidogo cha kuuhifadhi, na mboga kwenye bakuli juu yake. Babu alinambia, "Mwambie mama yako mboga ni tamu." Nikarudi mbio nikasema. Mama akasema, "Mwambie kesho kuna mboga ya saga." Nikarudi tena. Hawakuchukiana hata kidogo, nataka hilo lieleweke. Babu angeuza blanketi lake mama asilale njaa. Lakini nyumba ya namna hiyo ina kimya chake. Jioni niliona moto wa huku na moto wa kule, nami sikujua nikae wapi nisimwache mmoja peke yake.

Ndiyo maana nilipenda Sabato. Chini ya kenchi zile tulikuwa watatu chini ya paa moja. Wimbo ukianza, sauti nene ya babu ilipanda kutoka kushoto na ya mama nyembamba kutoka kulia, zikakutana huko juu. Huenda naongeza. Watu walikuwa wengi, sijui kama kweli nilizisikia hizo mbili peke yake. Lakini niliamini kwamba nilizisikia.

Na tukitoka, mila ya kanisani ni kwamba wa kwanza kutoka husimama nje ya mlango, wa pili humshika mkono kisha husimama karibu naye, na hivyo hivyo mpaka mstari unazunguka ua, kila mtu amemsalimu kila mtu. Wanaume walikuwa na mstari wao mbele, wanawake wao upande wa migomba. Hakuna aliyekutana na asiyepaswa.

Nilikuwa darasa la nne, miaka ya sabini ikianza, ukuta wa upande wa migomba ulipopasuka. Fundi akatazama ufa, akasema mlango ule ndio unaoudhoofisha. Ukazibwa kwa matofali mapya. Siwezi kumlaumu fundi, ukuta umesimama mpaka leo.

Sabato iliyofuata tukatoka wote mlango wa mbele. Mstari mmoja, wanaume kwa wanawake. Wengine walicheka wakashikana mikono, wakasema hayo ya zamani yameisha. Wake wengine walijificha nyuma ya wenzao. Babu alikuwa ametangulia, amesimama mkono tayari. Mama alifika mlangoni akamwona. Akarudi ndani. Alijifanya anatafuta kitambaa chake chini ya mabenchi mpaka ua ukabaki wazi.

Wiki iliyofuata mama alisema kichwa kinamuuma, hataenda. Babu naye akasema mguu unamsumbua. Nikaenda peke yangu. Niliporudi nikamkuta mama anatwanga, kichwa kizima, na babu anapanda mlima na kuni begani. Kila mmoja alikuwa amebaki ili mwenzake aende. Na hakuna aliyeweza kunituma na neno hilo, kwa sababu kulitaja tu ni kuvunja ensoni.

Ikaendelea hivyo. Nilikaa mwisho wa benchi, kushoto mtu wa wengine, kulia mtu wa wengine. Hata mvua ya mabati haikunifurahisha.

Basi nikaamua kumwambia mchungaji. Alikuwa mgeni, ametoka mbali, Kigusii hajui, anatumia Kiswahili. Nami Kiswahili changu kilikuwa cha darasani. Hapo ndipo pa kuelewa: kwa lugha yetu, mama anaitwa "baba", na baba anaitwa "tata". Shuleni tulifundishwa tofauti na nilijua vizuri. Lakini mbele ya mchungaji, na suti yake, ulimi wangu ulirudi nyumbani. Tena neno la baba kwa Kiswahili sikuwa na mtu wa kumwita nalo.

Nikamwambia, "Mchungaji, baba hawezi kusalimia babu kwa mkono. Ndio maana hawaji."

"Wamekosana?"

"Hapana. Wanaheshimiana."

"Wanaheshimiana halafu hawasalimiani?"

"Ndiyo."

Akanitazama. "Baba yako yuko wapi sasa?"

"Yuko kwa jirani, anasukwa nywele."

Mchungaji alivua miwani akaifuta kwa muda mrefu.

Siku ya pili alikuja bomani, Biblia kwapani. Babu akamtolea kigoda nje ya kijumba chake. Jirani yetu, mama mmoja mcheshi aliyekuwa amekuja kuomba chumvi, alikuwa jikoni na mama. Mimi nilisimama uani. Mchungaji akasafisha koo, akasema, "Mzee, nimekuja kukupatanisha na mwanao."

Babu alimwelewa. Kiswahili alikijua, alikuwa amekivuna kwenye mashamba ya chai ya Wazungu. Aligeuka polepole akatazama migomba nyuma ya nyumba, palipo na kaburi la baba yangu. Akanyoosha kidole. "Mwanangu yuko pale," akasema. "Ukiweza, tupatanishe. Aliondoka bila kuniaga."

Sijamwona mtu akiaibika kama mchungaji yule, na hakustahili. Alisimama, akaketi, akasimama tena.

Jirani ndiye aliyetuokoa. Alitoka jikoni anacheka, mkono mdomoni. "Mchungaji, pole! Mtoto alikuwa anamsema mama yake. Kwetu baba ni mama!"

"Na baba?"

"Baba ni tata."

"Na mama?"

"Si nimekwambia, mama ni baba! Kaa, Mchungaji, utaelewa ukizeeka."

Hata babu midomo yake ilicheza. Jirani akaeleza mambo ya mlango, na mkono, na mstari. Mchungaji akasikiliza vizuri, nampa haki yake. Kisha sauti ya mama ikatoka jikoni, nyuma ya ukuta wa udongo, kana kwamba inazungumza nami. "Mwambie babu yako aende kanisani. Mimi nitaombea hapa."

Babu alikuwa hatua chache tu. Alisikia kila neno. Lakini alinigeukia mimi. "Mwambie mama yako aende yeye. Yeye bado ni kijana. Mimi mahubiri niliyosikia yananitosha."

"Mwambie sitaki aketi nyumbani kwa sababu yangu."

"Mwambie hata mimi sitaki."

Nikawa nageuza shingo, namwambia huyu alichokwisha kusikia, namwambia yule alichokwisha kusikia. Mchungaji naye akawa anageuza shingo pamoja nami. Jirani alikuwa ameacha kucheka.

Mchungaji aliomba mlango ufunguliwe. Fundi akakataa, akasema ukuta utashuka. Mchungaji akampa babu ruhusa atumie mlango wake mwenyewe, ule mdogo nyuma ya mimbari. Aliutoa kwa moyo mweupe. Lakini anayepita huko hutokea mbele ya watu wote, uso kwa uso na mabenchi ya wanawake. Babu alimshukuru, akasema angeona afadhali apitie dirishani.

Mwisho jirani ndiye aliyetoa njia: Sabato moja aende mama, inayofuata aende babu. Wakakubali, kila mmoja kupitia kwangu. Watu walisema tatizo limeisha, na kwa kweli liliisha. Wote wawili waliabudu. Sabato ya mama nilikaa kulia, Sabato ya babu nilikaa kushoto, na sikuwa tena na haja ya kukaa mwisho wa benchi kutazama pande mbili.

Hatukuwahi tena kuwa watatu chini ya paa moja. Nilimaliza darasa la saba, nikaenda kufanya kazi za nyumbani mjini. Babu alifariki nikiwa huko, ibada ikafanywa uani, kama ilivyo desturi. Mama aliishi miaka mingi baada yake. Alipokuwa mzee nilimuuliza kama alijuta. Akafikiri, akasema, "Alikuwa mtu mzuri sana. Sijui alikuwa na macho ya rangi gani."

Sijui niandike nini juu ya hilo. Siku nyingine naona ensoni ilituibia. Siku nyingine nakumbuka wajane wa rika la mama waliofukuzwa na baba wakwe zao, na mama hakuwahi hata kusikia sauti ya babu ikipanda kwa hasira. Mila ile sasa haipo, au ipo kwa wachache, na anayejua sababu ya mlango ule pengine nimebaki mimi. Nami kumbukumbu yangu si ya kuapia.

Leo, wageni walipoondoka kwenye matofali, nilimvuta kijana pembeni nikamwambia, "Mwanangu, nafikiri ulikuwa wa wanawake." Akainama kwa adabu anayopewa bibi mzee. "Kweli, omong'ina? Kwa nini walitenganishwa?" Nikafungua mdomo. Ningeanzia wapi? Nikasema, "Kwa heshima." Akasema, "Sawa, nitasema yote mawili, Wazungu na wanawake." Akarudi kwa watu wake. Nilibaki nimeweka kiganja kwenye tofali. Lilikuwa baridi na lina unyevu wa mvua.

Mkwe wangu alinifuata na mwavuli. Zamani nisingekaa gari moja naye, maana ensoni ilimhusu mama mkwe pia. Yeye ni kijana wa ofisini, hana habari hizo, na moyo wake ni safi.

Jioni hii tumerudi kwangu upande wa Suneka, binti yangu akapika, tukaketi meza moja, mimi na mkwe wangu tumetazamana. Nilimtazama vizuri. Macho yake ni ya kahawia, yana uchovu kidogo. Akamega ugali mkubwa, akauweka kwenye sahani yangu kwa mkono wake, akasema, "Mama, kula ungali moto." Tumekula ugali wa wimbi, saga za maziwa, na kuku wa kienyeji.