Elinipa na Pikipiki Nyekundu

Elinipa Sumari alirithi kazi ya kupiga rangi magari kutoka kwa mumewe, aliyefariki akiacha kompresa moja na gereji ya mabati pale Makumira. Watu walidhani angeuza. Yeye alijifunga kitambaa puani akaanza na mlango wa pikapu. Miaka kumi na moja ikapita yuko palepale, na mwenyewe alikiri kwamba akipuliza rangi huwa anaondoka kidogo. Ule ukungu unaotoka mbele ya mkono wake humchukua, hata akiitwa hasikii.

Asubuhi moja ya Julai, Mlima Meru ukiwa umejifunika mawingu mpaka kwenye migomba, alikuja Parsimei, kijana anayetembeza watalii kwa pikipiki za matairi manne. Alileta mbili kwenye kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, moja nyekundu na moja ya bluu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Zimegongwa?"

"Hapana. Nataka hii ya bluu iwe nyekundu. Nyekundu inakimbia zaidi."

"Rangi haiingii kwenye injini, mwanangu."

"Mama, naziendesha kila siku. Zimenunuliwa pamoja, injini ni ileile. Lakini ya bluu inabaki nyuma siku zote. Wageni wanagombania nyekundu."

Angeweza kunyamaza akafanya kazi yake. Lakini neno lile lilimkaa moyoni. "Niachie zote," alisema. "Nyekundu nitaipiga bluu, bluu nitaipiga nyekundu. Halafu tuone."

Siku tatu alisugua msasa na kupuliza. Wekundu ulipokuwa unatulia juu ya bodi, alijiona msichana tena kule Nkoaranga, anateremka mbio kwenye njia ya mgombani, amevaa sweta jekundu alilofumiwa na bibi yake. Enzi zile aliamini kabisa kwamba sweta ndilo lililomfanya awashinde kaka zake.

Jumamosi walikwenda kwenye barabara ya vumbi katikati ya mashamba ya kahawa. Parsimei aliziendesha mwenyewe, moja baada ya nyingine, Elinipa akipima muda kwa simu. Iliyokuwa nyekundu, sasa ya bluu, ilitumia dakika mbili na sekunde nne. Ile nyekundu mpya ilichelewa kwa sekunde kumi na tano.

Parsimei aliinama, akagusa gurudumu la nyuma, akarudisha mkono upesi. Lilikuwa la moto.

"Kumbe breki inashika!"

Aliilegeza, akaenda mara ya tatu. Dakika mbili na sekunde nne.

"Miezi yote hii naisingizia bluu," alisema, akicheka kwa aibu. Kisha akamtazama. "Mama, umewahi kuendesha?"

Elinipa alikuwa na miaka hamsini na saba, na hata baiskeli hakuwahi kupanda. Alivaa kofia ngumu, akakunja kitenge, akachagua nyekundu.

Alikwenda. Mawingu yalikuwa yameanza kufunguka, na kahawa ilipita pande zote mbili ikiwa na unyevu, kijani kikichanganyika na kijani. Upepo uliingia ndani ya mikono ya blauzi. Hakusikia injini. Aliona kama barabara imeachia ardhi, na yeye yuko juu yake bila uzito wowote, bila haja ya kufika.

Alipofika mwisho, Parsimei alikuwa amemfuata kwa miguu, wala hahemi.

"Dakika saba, mama."

"Saba?" Elinipa aliishika mikono ya pikipiki, hataki kushuka. "Mbona nimeruka?"