Mfungo wa Jirani

Muuza maziwa pale sokoni Soy akifungua kibuyu, harufu ya maziwa lala na mkaa hunirudisha kambini Eldoret, ndani ya hema tulilopewa nyumba yetu ilipochomwa. Huwa nanunua, lakini nakiri sinywi kabla sijaona mwingine amemeza.

Siku moja kule kambini, mdogo wangu alikuwa amelia njaa tangu asubuhi. Jirani yetu wa zamani, wa kabila la waliotufukuza, akaingia na kibuyu cha mursik, maziwa lala ya kwao.

“Kunywa wewe kwanza,” mama akamwambia.

“Siwezi, mama. Kanisani tumefunga mpaka jioni, tunaombea amani.”

Mama akanivuta nyuma yake. Hata mimi niliona mfungo huo umekuja wakati mzuri mno.

“Na hiyo nyeusi ndani ni nini?” mzee wa hema la pili akadakia.

“Ni mkaa, Mzee! Krismasi uliinywa kwangu mpaka ukalamba kikombe!”

Hakuna aliyecheka. Mdogo wangu akanyoosha mikono. Jirani alimtazama, midomo yake ikacheza bila sauti kama mtu anayeomba, kisha akainua kibuyu akanywa.

Mama alimkagua usoni kwa muda mrefu. Ndipo akamimina kikombeni, akamnywesha mtoto, halafu mimi. Kikombe kilipomfikia mwenyewe, alikiweka chini.

“Huo mfungo wako nitaumalizia mimi,” alisema.

Jirani hakuondoka. Waliketi chini pamoja, wakashikana mikono, wakaanza kuomba. Jirani alifumba macho. Mama hakufumba.