Kiti Nilichomwombea Mama

Kutoka Nairobi hadi Toronto ni kama kilomita elfu kumi na mbili ukikata moja kwa moja. Lakini tiketi ya Mama ilizunguka: saa tano hadi Doha, saa moja unusu ya kubadilisha ndege, kisha saa kumi na nne hewani. Yote haya niliyajua kwa moyo, kwa sababu Mama alikuwa na miaka sabini na moja na alikuwa anasafiri peke yake kwenda kumwona mtoto wa kwanza wa mdogo wangu. Hakuwa amewahi kupanda ndege, na Kiingereza chake kinaishia kwenye shukrani. Kilichoninyima raha ni ile saa moja unusu. Akipotea Doha, ndege ya pili ingemwacha.

Kwetu Kariobangi dawa ya hofu hiyo inajulikana. Unamwombea mzazi kiti cha magurudumu, hata kama Jumamosi alikuwa mstari wa mbele akicheza harusini, na mfanyakazi wa uwanja wa ndege anamsukuma kutoka ndege moja hadi nyingine. Akina mama kadhaa wa kanisa letu wamesafiri hivyo na wakarudi wakijisifu. Nikamwombea wangu pia, bila kumuuliza.

Nilimwambia siku mbili kabla ya safari, akiwa anakatakata sukuma wiki.

"Nani mgonjwa?" akauliza.

"Si ugonjwa, Mama. Ni vile ni mbali."

"Mbali kama wapi?"

Nikamtajia kilomita. Hakushtuka. Akaniuliza ni ngapi kutoka mlangoni petu hadi kile kiwanda cha Industrial Area alikosimama kwenye mashine miaka ishirini na minne. Saba, nikasema. Alikuwa akienda kwa miguu na kurudi kwa miguu, siku sita kwa wiki, mvua inyeshe au jua liwake.

"Si wewe ndiye ulisoma?" akasema. "Piga hesabu."

Nikapiga kwa simu. Kila miaka mitatu mama yangu alikuwa anamaliza mwendo wa Nairobi hadi Toronto. Aliumaliza mara nane. Nilirudia hesabu nikidhani nimekosea, kisha nikaona haya, na pamoja na haya hiyo nikajaa fahari hadi nikashindwa kumtazama. Hata hivyo kile kiti sikukifuta. Mimi ni mwoga, nakubali.

Aliondoka alasiri. Kesho yake, dukani kwangu, nilimfungia mteja vitambaa vya mtu mwingine na nikamrudishia chenji mara mbili. Ilipofika saa tisa simu ya mdogo wangu ikaingia.

"Mathe amefika fiti," akasema. "Lakini ametoka akitembea. Hiyo kiti yako hatujaiona."

Nikaomba anipe Mama. Nilitaka kujua mambo ya Doha yalikwendaje.

Alisema alimkuta bwana mmoja mlangoni pa ndege akimngoja na kiti, mtu mpole, asiyejua Kiswahili hata kidogo. Mama akaweka mkoba wake juu ya kiti, akamwonyesha kwa mkono atangulie na amwonyeshe njia.

"Ikabidi nimharakishe kidogo," akasema. "Anatembea polepole."