Siku Nilipoivua Keria Baiskeli ya Umeme

Jamani, aibu niliyoipata Mkuyuni siku ile ya gulio, hata leo nikiikumbuka niko peke yangu bafuni uso unanipata moto, na ninawasimulia tu kwa sababu mke wangu ameshaisimulia mtaa wetu mzima wa Bigwa, na yeye anaongeza chumvi.

Ilikuwa miaka ile biashara zimefunguliwa na kila aliyeweza kukomboa kontena anashusha vitu mjini, na duka moja upande wa Msamvu likaleta baiskeli za umeme, za kwanza mimi kuziona kwa macho. Mimi mwalimu tu wa sekondari, mtu wa Tabora, lakini ile nyekundu niliitamani mpaka nikawa napita dukani bila shida yoyote, kuisalimia. Mwishowe nikainunua. Haina kelele, inakwenda kama mtu anakusukuma mgongoni kwa upole, na watu walikuwa wakigeuka (nilijifanya siwaoni, nilikuwa nawaona wote).

Kwangu ilikuwa na kasoro moja: keria kubwa ya chuma nyuma na madigadi mapana meusi, vilivyonifanya nionekane muuza mkaa. Kwa hiyo asubuhi ile ya kwenda kujitambulisha kwao Zuhura, mchumba wangu, nikachukua spana nikafungua keria, na mkono ulivyokwisha kuzoea nikafungua na madigadi. Nikasogea nyuma nikaitazama. Nzuri, acheni! Nikavaa suruali nyeupe ili tufanane hadhi.

Zawadi ya mama mkwe, doti ya khanga, ikakosa pa kufungwa, nikaitia kwenye mfuko wa rambo nikauning'iniza kwenye usukani. Nilipofika Kiroka mvua ikashuka kutoka mlimani, ile ya ghafla, na bila madigadi tairi la nyuma likaanza kunichapa tope jekundu kutoka makalioni hadi kisogoni, nami nikajipa moyo kwamba wakwe watanitazama usoni.

Mkuyuni gulio limejaa. Zuhura amesimama kando ya barabara na mama yake, na mjomba wake, Mzee Kibwana (kwa Waluguru mjomba ndiye mwenye neno, ukimkosa huyo umekosa mke), wote wamekuja kunipokea. Nikanyoosha mgongo, nikaachia mkono mmoja ili niwapungie, na hapo hapo mfuko ukaingia kwenye spoku za mbele, khanga ikajisokota, gurudumu likagoma, mimi nikaendelea na safari. Nilitua kwa magoti na viganja, mbele kabisa ya mama mkwe.

Ningesema nini?

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba," akasema, uso mkavu. "Inuka basi, imetosha."

Soko zima likaangua kicheko. "Mkwe kapiga magoti!" akapiga kelele muuza ndizi mmoja. Zuhura akanipa mgongo, mabega yakimtikisika, nikadhani analia, moyo ukanipasuka. Kumbe anacheka mpaka amekosa pumzi.

Mzee Kibwana akaazima kisu akaanza kuitoa khanga, vipande vipande, vyeusi kwa grisi. Alipomaliza akaizunguka baiskeli taratibu, akaigusa rangi, akanong'ona, "Dada, lakini kitu hiki ni kizuri." Kabla dada yake hajamjibu ameshakaa na kanzu yake nyeupe, akabonyeza, akapotea mteremkoni akipiga vigelegele kama harusini. Wanawake wa ndizi nao wakamwitikia. Aliporudi macho yanang'aa, kofia imekaa upande, akasimama karibu yangu kama tumetoka safari moja.

"Geukeni," akasema mama mkwe. "Wote wawili."

Tukageuka. Mgongoni tulikuwa na michirizi ya tope inayofanana, yangu imekauka, ya mjomba bado inachuruzika.

"Mkungu wa ndizi unakaa wapi hapa?"

"Haukai, mama."

"Na mwanangu akiumwa, utampakia wapi?"

Hapo kicheko kikakatika. Nikatazama kile kiti kimoja chembamba, na kwa mara ya kwanza tangu niinunue nikagundua kuwa katika ndoto zangu zote juu ya baiskeli ile nilikuwa niko peke yangu.

"Ilikuwa na keria, mama. Nimeivua asubuhi."

"Kwa nini?"

"Inaharibu umbo," nikasema.

"Mwache, dada," akadakia mjomba, akijikung'uta tope. "Kijana macho anayo. Ndiyo maana kamwona Zuhura."

Mama mkwe akajiziba mdomo kwa upindo wa khanga, lakini tumbo likamsaliti, likaanza kucheka kabla yake. "Haya," akasema alipopata pumzi, "walete wazee wako tuongee. Ila wao waje na basi."

Wakaja, na basi, na Zuhura nikampata. Tangu siku ile nimeapa sinunui kitu kwa kukitazama peke yangu, iwe kabati, iwe jiko, iwe kiti cha sebuleni: Zuhura anakikalia, anakitikisa, anauliza kitabeba nini, nami naachiwa kuchagua rangi. Na rangi yenyewe, mara nyingi, hainunuliwi ninayoitaka.